Watoto wa Nje ya Geti

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu. Mchungaji anayewanyoshea wengine kidole kabla hajajipima mwenyewe hastahili kusikilizwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika usharika mmoja wa mjini ambao sitautaja jina. Likizo ya Juni ilipokaribia, walimu wa Shule ya Jumapili walileta wazo zuri. Walitaka kambi ya watoto ya wiki mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha kila mtoto arudi kulala kwao. Tukakaa kikao. Tukapanga ada ya shilingi 30,000 kwa kila mtoto, pamoja na fulana ya njano yenye jina la kambi mgongoni. Hakuna aliyepinga. Aliyeweka saini ni mimi.

Siku ya tatu ya kambi nilisimama barazani nikiangalia michezo. Watoto arobaini na kitu wa fulana za njano walikuwa wakishindana kukimbia na magunia, wanaanguka, wanacheka. Nje ya geti walikuwapo watoto wengine, wengi kuliko wale wa ndani, wameshika nondo na kuchungulia. Mmoja alikuwa na ndoo ya mayai ya kuchemsha, ameiweka chini ili aone vizuri. Nilimfahamu. Nilimbatiza mwenyewe, na kila Jumapili alikaa kwenye benchi la mbele upande wa watoto. Nikamwendea, nikamwuliza mbona haingii. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo Mchungaji. Mimi sina fulana."

Mlinzi alikuwa ameagizwa kwamba asiye na fulana asipite, na yeye alitii. Agizo lilitoka ofisini kwangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja ambalo nalirudia katika kila kikao ninachokaribishwa, na leo naliandika ili lisomwe na wengi zaidi. Kambi ya likizo inayofanyika katika uwanja wa kanisa iwe bure, iwe na chakula, na iwe wazi kwa kila mtoto wa mtaa ule, aliyebatizwa na asiyebatizwa. Kama hatuko tayari kwa hayo, tusiweke jina la Yesu kwenye tangazo. Tuseme tu kwamba tunauza michezo kwa watoto wa wenye nafasi. Biashara hiyo haina dhambi, ila haihitaji msalaba juu ya paa.

Najua maneno haya ni makali. Tutazame basi hali halisi ya huku tunakoishi.

Naandika nikiwa Mkolani, wilayani Nyamagana, kwenye barabara ile itokayo katikati ya jiji la Mwanza kupitia Nyegezi kuelekea Buhongwa na Shinyanga. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika mkoa wetu. Wengi wanabanana huku mjini, na kila mwaka nyumba zinapanda juu zaidi katikati ya mawe ya vilima. Mahali ambapo mtoto angerushia mpira pamejengwa vyumba vya kupanga. Kule kijijini likizo ilikuwa na kazi zake na watu wake. Mtoto alichunga, alilima, alikaa kwa bibi, na jirani yeyote alikuwa na ruhusa ya kumkanya. Huku mjini mama anaondoka alfajiri kwenda kuwahi samaki mwaloni au mboga sokoni, baba yuko kwenye bodaboda au anaponda kokoto, na bibi yuko mbali. Shule inapofungwa, mtoto wa miaka minane anabaki na ufunguo wa chumba shingoni na mdogo wake mgongoni.

Anakwenda wapi? Kila mmoja wetu anajua. Anakwenda barabarani, ambako malori hayana huruma. Anakwenda kwenye banda la video, au anasimama nyuma ya wakubwa wanaochezea madubwi na kujifunza kamari kabla hajajua jedwali la saba. Anashuka ziwani kuogelea, na ziwa letu tunalipenda lakini tunalijua lina kichocho kwenye kingo zake na vina vinavyomeza. Au anabebeshwa sinia la karanga, maana likizo kwa watoto wengi wa mjini ni miezi ya kazi.

Kwa siku hizohizo, uwanja wa kanisa una ukuta, una choo, una kivuli, una maji, una mabenchi, una ukumbi. Toka Jumatatu mpaka Ijumaa umefungwa kwa kufuli. Tumejenga kwa sadaka za watu, hata za yule mama wa kokoto, kisha tukafunga.

Sasa twende kwenye Neno. Katika Marko sura ya 10 watu walimletea Yesu watoto wadogo, na kuna waliowazuia. Hawakuwa Mafarisayo, wala askari wa Kirumi. Walikuwa wanafunzi wake mwenyewe, yaani kamati ya maandalizi. Naamini walikuwa na sababu nzuri: Bwana amechoka, ratiba imejaa, watoto wana kelele. Na hapo Marko anatuambia kwamba Yesu alichukizwa. Tumezoea kusoma fungu hili kwenye ubatizo kwa sauti laini, tukapita juu ya neno hilo. Anayetaka kujua ni jambo gani lilimchukiza Bwana, ajue kwamba mojawapo ni watu wake kusimama kati yake na watoto.

Kuna na fungu jingine ambalo hatulihubiri sana. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anatangaza namna Yerusalemu utakavyokuwa siku Bwana atakaporudi kukaa ndani yake. Haanzi na hekalu wala dhahabu. Anawaonyesha wazee wameketi wakiwa na fimbo zao kwa sababu ya kuishi sana, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Hiyo ndiyo ishara ya mji uliobarikiwa. Kwa kipimo cha Zekaria, mji wetu una baraka kiasi gani? Na kanisa letu je, linaongeza mahali pa watoto kucheza au linapunguza?

Sisi Walutheri tuna deni la ziada. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani kuhusu shule. Hoja yake ilikuwa ya mfukoni kabisa. Aliwaambia kwamba kila mwaka miji inatoa fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja, basi kwa nini isitoe angalau kiasi kama hicho kwa ajili ya vijana maskini walioachwa hivihivi? Katika waraka huohuo alisema kwamba watoto lazima waruke na wacheze, kwamba hiyo ndiyo asili yao na haifai kuwazuia, na kwamba wafundishwe kwa njia inayowafurahisha. Miaka mitano baadaye, baada ya kuzitembelea sharika na kukuta watu hawajui hata mambo ya msingi ya imani, alitoa Katekisimo Ndogo. Mtu huyohuyo aliyetuachia kitabu cha kukariri alitetea pia kuruka kamba.

Tena historia inatuaibisha zaidi tukikumbuka mambo haya yalianzaje. Shule ya Jumapili ilipata nguvu huko Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, pale Robert Raikes alipoanza kuwakusanya watoto waliofanya kazi wiki nzima na kurandaranda Jumapili, wafundishwe kusoma. Shule ya Biblia ya wakati wa likizo nayo ina mizizi jijini New York. Mwaka 1898 mama mmoja Mbaptisti, Eliza Hawes, alikodi ukumbi wa bia ili awakusanye watoto wa mitaa ya maskini ambao shule zilipofungwa hawakuwa na pa kwenda. Fikirini hilo. Mama wa kanisa alikwenda kulipia ukumbi wa walevi kwa ajili ya watoto wa mtaani. Sisi tuna ukumbi wetu wenyewe, na tunawatoza watoto ili waingie.

Nimezisikia hoja za upande wa pili katika vikao vya sharika zaidi ya moja. Waliozitoa ni watu wanaolipenda kanisa, nami nawaheshimu, kwa hiyo nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni fedha. "Mchungaji, tutawalishaje?" Nilikaa na mama mmoja anayepikia shule tukapiga hesabu kwa bei za mtaani. Watoto 120 kwa siku wanahitaji mahindi kilo 12 na maharage kilo 6 ya makande. Tukikadiria mahindi kwa 1,000 na maharage kwa 3,000 ni shilingi 30,000. Unga wa uji kilo 6 kwa 2,000 ni 12,000, na sukari kilo 3 kwa 3,000 ni 9,000. Mafuta, vitunguu, chumvi na mkaa tuweke 20,000. Jumla ni 71,000 kwa siku, na kwa siku kumi za kambi ni 710,000. Kila mtoto hafikii shilingi 600 kwa siku.

Sasa tuambizane ukweli. Hiyo ni michango ya kadi kumi na tano za harusi za shilingi 50,000. Katika mnada baada ya ibada nimeona kuku mmoja akipandishwa bei mara nne kwa shangwe, akarudishwa mezani na kuuzwa tena. Hatuna uhaba wa fedha. Tuna uhaba wa aibu. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika shule za umma, za msingi na sekondari, ili mtoto wa maskini asizuiwe mlangoni. Itakuwaje dola ifute ada, na kanisa liiweke?

Hoja ya pili ni kwamba watoto watakuja kwa ajili ya chakula tu. Ni kweli, wengine watakuja kwa ajili ya chakula. Katika Yohana sura ya 6 Yesu aliwaambia makutano waziwazi kwamba walimtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Lakini aliyasema hayo baada ya kuwalisha. Na mtoto wa kipaimara tunamdai akariri maana ya ombi la nne katika Katekisimo, kwamba mkate wa kila siku ni chakula, mavazi, nyumba na vyote vinavyohitajika kwa maisha haya. Anakariri bila kukosea, tunampa alama, kisha anarudi nyumbani kwenye sufuria tupu. Hapo aliyefeli somo ni nani?

Hoja ya tatu ni majirani zetu Waislamu na wa madhehebu mengine. Wapo wanaosema tusiwakaribishe watoto wao, na wapo wanaosema tuwakaribishe ili tuwavute kimyakimya. Nakataa yote mawili. Mzazi aitwe, aamkiwe, aelezwe wazi: asubuhi tunasimulia hadithi za Biblia na kuimba, mchana tunakula na kucheza, na chakula chenyewe ni makande yasiyo na nyama. Akiridhika, mwanawe aje. Akitaka mwanawe aje saa nne baada ya kipindi cha Neno, aje saa nne. Injili haihitaji mtego. Ina nguvu zake yenyewe, na jirani akiona tunamlea mtoto wake kama wetu, atakuwa amesikia kitu.

Hoja ya nne ni masomo. Wazazi wengi wa Jumapili wangependa tuwape watoto tuisheni ya hesabu na Kiingereza kuliko kuwachezesha rede. Nawaelewa, nami nina watoto wa shule. Lakini mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miezi mitano mfululizo kuwahi gari la shule amechoka. Hata Bwana Mungu aliagiza pumziko, na agizo hilo alilitoa pia kwa mtumwa na kwa punda. Je, mtoto wa darasa la tatu asipumzike? Nusu saa ya kusoma kitabu cha hadithi chini ya mti inatosha. Saa zilizobaki ni za kombolela, nage, mdako, bao, ngonjera na kutengeneza magari ya makopo.

Hoja ya tano ndiyo nzito, na wanaoitoa wana haki: usalama. Fulana, waliniambia, inasaidia kumtambua mtoto. Hofu hii naipokea kwa mikono miwili, kwa sababu watoto wameumizwa hata mahali palipoitwa patakatifu. Lakini fulana haijawahi kumlinda mtoto na mtu mzima mwenye nia mbaya. Kinachomlinda ni utaratibu. Kila mtoto aandikwe daftarini asubuhi na jina la atakayemchukua. Kipande cha kitambaa mkononi kinatosha kuwa alama. Asiwepo mtu mzima, awe mwalimu, mwinjilisti au mchungaji, anayebaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha. Wanaojitolea wajulikane, waulizwe walikotoka, wafundishwe. Namba 116 ya simu kwa mtoto ibandikwe ukutani mahali mtoto anapoweza kuisoma, na watoto waambiwe ni ya nini. Jambo baya likitokea, lipelekwe kwenye vyombo vya sheria siku hiyohiyo, lisizungukwe vikaoni kwa kulinda jina la kanisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatudai hayo, na hata isingedai, Kristo anadai. Ziwani tusiwapeleke kabisa kama hatuna watu wa kutosha wanaojua kuogelea. Hayo yote yanawezekana bila ada hata senti moja.

Nimalize na jambo linaloniuma kuliko yote. Kila mwaka tunaadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Siku hiyo watoto wanaongoza ibada, wanasoma masomo, wanaimba, mtoto mmoja anahubiri tunampigia makofi na kumtunza. Akina mama wanatokwa machozi. Kisha tunawagawia biskuti na soda, na Jumapili inayofuata tunawarudisha kwenye chumba cha nyuma. Sipingi sikukuu hiyo, naipenda. Ninachosema ni kwamba siku moja ya makofi haiwezi kulipia siku za likizo ambazo geti limefungwa. Na wale tunaowapigia makofi ni wale tu waliopata nguo ya kuvaa siku hiyo.

Wakati wa ubatizo tunampokea mtoto mchanga asiye na kitu mkononi. Hajaungama, hajatoa sadaka, hajui hata jina lake. Wengine wanatushangaa kwa hilo, nasi tunajibu kwa fahari kwamba neema ya Mungu inatangulia, haisubiri malipo. Jibu hilo ni sahihi. Basi litoke kisimani lifike getini. Haiwezekani neema iwe bure kwa mtoto wa miezi mitatu, kisha akifika miaka minane tumwuze shilingi 30,000.

Kwa hiyo ninyi wazee wa kanisa, akina mama, vijana wa kwaya na wenye maduka, nawaomba mambo machache. Kabla ya likizo ya Juni ijayo, ombeni ajenda ya kambi iwekwe katika Baraza la Wazee la usharika wenu. Mwenye gunia la mahindi aliahidi mapema. Mwenye wiki moja ya likizo kazini aitoe siku mbili. Kijana aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri majibu apewe watoto kumi awe kaka yao. Bibi ajuaye hadithi za Kisukuma apewe kiti chini ya mwembe, awasalimu watoto "Mwangaluka", awasimulie. Na mlinzi apewe agizo jipya lililoandikwa na kupigwa mhuri, kwamba kuanzia saa mbili asubuhi geti liwe wazi na mtoto asiulizwe fulana.

Yule kijana wa mayai alihama na mama yake kabla sijapata nafasi ya kurekebisha kosa langu. Sijui yuko wapi leo. Namwombea. Kila likizo inapofika napita nje ya kuta za makanisa yetu nikitazama nani ameshika nondo za geti. Ndugu msomaji, nenda ukatazame na wewe, kisha umwombe mlinzi ufunguo.